Salamu za Kifaransa Hadi Kigoma

Niliondoka Tabora kwa sababu ya baba. Yeye ni seremala, na alikuwa amevuka ziwa kwenda upande wa Wabelgiji kuezeka nyumba ya mtu, akazuiliwa huko kwa kukosa cheti. Barua yake ilitufikia baada ya miezi miwili: analala sakafuni na kifua kinambana. Nilimsomea mama, akaniuliza nitafanya nini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni tu, na utajiri wangu wote ulikuwa Kifaransa nilichofundishwa na mapadri.

Hapo akatokea Bwana Miwani. Ndivyo tulivyomwita Mwingereza mmoja wa mambo ya misitu. Alikuwa anakwenda Kigoma kuonana na ofisa wa Kibelgiji kuhusu mbao, na alitaka kuzungumza Kifaransa kwa kinywa chake mwenyewe, maana safari iliyopita alichekwa. Tukaafikiana nimfundishe njiani, naye atamwomba ofisa huyo baba aachiliwe. Ila alinionya nisifungue mdomo mbele ya Mbelgiji huyo.

Asubuhi tulipanda treni, mimi daraja la tatu, yeye la kwanza. Treni ikisimama, ananiita. Hata Usoke hatujafika, somo lilikuwa limeharibika.

"Mwalimu Paskali," aliuliza, "meza imefanya nini hata ikawa mwanamke?"

Nikamwambia haikufanya kitu, Kifaransa ndivyo kilivyo, kila kitu ni ama mwanamke ama mwanamume, na kitabu ni mwanamume. Akataka sababu. Nikamuuliza kama amewahi kupata sababu ya mti kuwa miti na kiti kuwa viti. Alinitazama kana kwamba nimemwibia. Mimi mambo hayo hayakunisumbua, maana mtoto wa Kinyamwezi hukua na ngeli mdomoni. Yeye katoka kwenye lugha ambayo meza, kitabu na kisu vyote ni kitu tu. Nilimwonea huruma, lakini nilizidi kuogopa kwa ajili ya baba.

Urambo tulikaa siku mbili, Bwana akikagua miti ya mininga. Nilifikia kwa Mama Veronika, mkulima Mmoraviani, ndugu wa mama yangu. Bwana alinifuata hapo uani na daftari. Siku hiyo tulikwama kwenye vitenzi. Mfaransa akisema amekula, hutumia "kuwa na". Akisema amekwenda, hutumia "kuwa".

"Kwa nini?"

"Sijui, Bwana."

Akatupa kalamu, kuku wakatawanyika. Jambo moja tu lilimkaa: kumwita mtu mmoja "ninyi" kwa heshima. Nilimwambia hata sisi Wanyamwezi humwamkia mkubwa mmoja "mwangaluka", yaani mmeamka, kana kwamba wako wengi. Sikumwambia kwamba mapadri walituita "wewe" miaka yote, na ile "ninyi" niliiokota kwa kuwasikiliza wakisemezana wenyewe.

Bwana alipoondoka, Mama Veronika, aliyekuwa anapukuchua mahindi, akaniuliza, "Unamfundisha nini hasa huyu?"

"Salamu, mama."

"Zote?"

"Umeamkaje, nyumbani, mke, watoto, mvua, mifugo."

"Hapo sawa, mwanangu. Huwezi kumvamia mtu na shida zako kama uliyefukuzwa na nyuki."

Maneno yake yalinituliza. Ningejua, yasingenituliza.

Uvinza joto lilikuwa kali, na wachuuzi wa chumvi walijaa dirishani. Bwana sasa alisalimu vizuri kabisa, hata mifugo hakuiruka. Nikamwambia tuanze ombi lenyewe. Nilimwonyesha kwamba Kifaransa ni kama "nakuomba": yule anayeombwa hutangulia kitenzi. Yeye akamrudisha nyuma kila mara, Kiingereza chake kikimvuta. Tulirudia mpaka kichwa kikamuuma, akalala. Nilikaa na daftari mapajani.

Kigoma tulimkuta Mbelgiji gatini, mtu mnene, leso mkononi, meli yake inapakia. Karatasi za mbao zilisainiwa mara moja. Bwana Miwani akavua kofia, akaanza. Mmeamkaje? Nyumbani? Mke? Mbelgiji alidhani anataniwa. Alipoulizwa watoto, uso ukabadilika. Akatoa picha mfukoni, akaeleza, akaeleza. Bwana aliitikia kwa kichwa bila kuelewa neno. Akaendelea na mvua. Honi ya meli ikalia. Wakapeana mikono.

Bwana akanigeukia, jasho linamtoka. Ombi lilikuwa limempotea lote. "Nitamwandikia barua," aliniambia.

Barua! Na baba yuko sakafuni!

Nikamkimbilia Mbelgiji ngazini. "Baba yangu ni seremala," nilisema kwa Kifaransa, "yuko kwenu, hana kosa, mrudishe!" Sikumsalimu, wala "ninyi" sikuikumbuka. Alinitazama toka juu mpaka chini, nikajua nimemzika baba.

"Jina lake?" akauliza.

Nikalitaja, akaliandika kwenye kijitabu, akapanda.

Kurudi, treni ilisimama Kaliua. Hapo Bwana akaniita.

"Kwa nini ulinifundisha salamu nyingi vile?"

"Kuomba bila kusalimu ni matusi, Bwana."

"Mbona wewe hukusalimu?"

"Sikusalimu, Bwana."

Akauliza treni ni mwanamke au mwanamume. Nikamwambia mwanamume. Akasema ndivyo alivyodhani.

Nilijifunza kwamba nilikuwa nimechukua adabu ya kwetu Unyanyembe nikaivisha maneno ya kigeni, nikaiita Kifaransa. Kidogo inigharimu baba. Nilihisi aibu, na bado naihisi.

Wiki tatu nilikwenda stesheni kila treni ya Kigoma ilipoingia, nikarudi peke yangu, mama ananisubiri mlangoni. Wiki ya nne baba akashuka, amekonda, hana hata sanduku lake la vifaa. Nilimkumbatia, hata shikamoo sikuikumbuka.

Akanipigapiga mgongoni. "Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu."