Siku Niliyoisugua Sarafu ya Mgiriki

Chekeni tu, nimeshazoea, Tandika nzima inanijua kama yule mkwe aliyemng'oa Mgiriki pua.

Mama mkwe wangu alikuwa na sarafu ya dhahabu ya Wagiriki wa kale, marehemu mumewe alipewa na Mgiriki mwenye shamba la mkonge aliyekuwa akimpikia kule Tanga, na miaka yote ilikaa imefungwa kitambaa ndani ya sanduku la kanga. Ina sura ya mwanamke kavaa helmeti (kama dereva wa bodaboda, ila huyu kaivaa kichwani kweli).

Basi akapatikana mzee mmoja mkusanyaji wa sarafu za kale, akaona picha kwenye simu akachanganyikiwa, akasema Jumamosi nakuja. Mama mkwe, ambaye bati lake linavuja mpaka kitandani, akaanza kuota paa jipya, akaalika majirani waje washuhudie (huku kwetu neema bila wenye husuda kuiona haijakamilika), kisha akanikabidhi sarafu: "Iandae, mwanangu."

Mwanamke huyu tangu niolewe anapitisha kidole kwenye masufuria yangu kutafuta masizi, anamwambia mwanawe kaoa mchafu! Nikasema leo ndiyo leo. Nikachukua stilwaya, majivu na limau, nikausugua ule weusi wote wa kwenye mikunjo, nikasugua mpaka ukiitazama unaona meno yako.

Mgeni akaja, akavaa glavu, akatoa lenzi, akaiinamia sarafu. Akainua kichwa.

"Nani kaisafisha hii?"

"Mie!" Tena kwa sauti, mkono juu, majirani wasikie.

"Mama, mie nilikuja kununua umri wake. Umri umeusugua, na pua pia. Mpelekeeni sonara, atawapimia kwa gramu."

Akaondoka, hata soda hakumaliza. Jirani mmoja akasema, "Lakini inang'aa, jamani," na hapo ndipo walipoangua kicheko, mie natamani ardhi ipasuke inimeze.

Gramu za sonara ziliezeka chumba cha mama mkwe tu, sebule inavuja mpaka leo, na mie nimeapa kitu cha mtu sikigusi kabla sijauliza mara mbili. Cha kuniuma zaidi, hakunigombeza hata siku moja. Anakujaga tu jikoni, anapitisha kidole kwenye sufuria, akikuta masizi anajifuta kwenye kanga yake.

"Liache, mwanangu," ananiambia. "Ndiyo umri wake."