Mmea Mfupi Katikati ya Maharage

Juzi nilikuwa ofisi ya kata nikisubiri muhuri, akaingia mama wa makamo kutoka Kikwe, mkononi ana mmea alioung'oa na mizizi yake. Akaulaza mezani.

"Umeota kwenye maharage yangu. Majirani wanasema ni bangi. Nimeuleta mwenyewe kabla hamjanifuata."

Mtendaji akaupima kwa shubiri. "Shikamoo, mama. Bangi ya huku ni ndefu, ina majani membamba. Huu ni mfupi, umetanuka kama kichaka, na majani yake ni mapana. Rudi nao ukaupande mpaka bwana shamba aje."

Mgambo wa mlangoni akaunusa. "Harufu ni ileile! Siku hizi wakulima wanachanganya mbegu za bangi fupi na ndefu, ili ikomae upesi na ijifiche shambani. Akitoka nao, namkamata."

"Basi ubaki hapa," mama akasema.

"Ofisini kwangu? Thubutu!" mtendaji akadakia.

Nililisoma bango la ukutani. Linakataza kulima, kuuza na kuvuta bangi. Kwa anayeileta mwenyewe halina neno. Nilipoondoka, mama alikuwa amesimama kati ya meza na mlango, ameuning'iniza mmea kwa vidole viwili. "Sasa, wanangu, niende nao wapi?"