Mama Ndani ya Kompyuta ya Fundi

Fundi wa kompyuta aliyepanga jirani na Damari, pale Iguguno, huongea kama anayechelea kuamsha mtoto. Kwenye kompyuta yake ya nyumbani kila programu ina chumba chake, na hakuna hata moja aliyoikabidhi funguo za nyumba nzima. “Mwizi akiingia, dada, aishie chumba kimoja.” Basi kompyuta yake mwenyewe humwambia hana ruhusa, naye husugua kidole gumba pembeni mwa meza, akasema “Jamani,” kisha akaanza upya.

Chumba kimoja aliipa sauti iliyorekodiwa ya marehemu mama yake Damari, akiimba Kinyiramba huku akipepeta mtama, ili ndugu walioko Itigi wamsikilize kwenye simu. Lakini kila asubuhi fundi alipofunga akaunti yake kwenye kompyuta aende kazini, vyumba vyote alivyowasha vilizimika, mama akakatika katikati ya wimbo. Mwezi mzima hivyo, na funguo za nyumba nzima, ambazo zingemaliza tatizo, hakuzigusa. Leo ameandika mstari mmoja mfupi wa amri, vyumba vyake visizimike akitoka, akafunga akaunti, akasimama mlangoni, viatu mkononi. Damari aliibana simu sikioni.

“Mama, naenda kazini,” fundi akaaga taratibu.

Mama hakunyamaza.