Sindano za Muuza Samaki

Juzi niliingia duka la dawa hapa Mbarara, nikavutana bei kama kawaida yangu, kisha nikafungua boksi kusoma kikaratasi cha ndani: kizunguzungu, masikio kulia. Basi, rafiki yangu, harufu ya kambale wa moshi ikanijia palepale.

Miaka ya themanini, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, jirani yetu alikuwa Mwislamu muuza samaki. Kila alasiri, nikishateka maji ziwani, bibi alinituma kwake. Nikitaja bei, anashika kichwa: "Wewe toto, unataka kumaliza mimi?" Tulibishana mpaka ndizi za bibi zinapoa.

Kisha akapata kifua kikuu, akawa anachomwa sindano zahanati kila asubuhi. Kikohozi kilipungua, lakini mwendo ukaharibika. Alipepesuka, akashika kuta. Kambi ikacheka: "Muzee ameacha msikiti, ameingia pombe ya waragi!" Wateja wakaanza kumkwepa.

Mimi niliona jambo jingine. Nilitaja nusu bei, akatikisa kichwa kukubali. Kesho yake nikataja robo, akakubali. Nikafunga mdomo. Siku ya tano bibi alitazama lile fungu kubwa, akauliza, "Umeiba?" Nikasema kweli.

Akanishika mkono mpaka kwa jirani, akamsogelea, akanusa. "Mulevi ananuka," akaniambia. "Huyu haiko ananuka pombe. Huyu hasikii." Akapaza sauti: masikio yana nini?

"Ndani inalia kama nyenje," alisema. "Tangu sindano. Mimi nafikiri ni ugonjwa tu."

Tukampeleka zahanati. Daktari akamsimamisha miguu pamoja, akamwambia afumbe macho. Akatuangukia. Sindano zikakatwa siku hiyohiyo, akapewa vidonge vya aina nyingine. "Mngemleta mapema," daktari alisema. "Sikio likiondoka na dawa hii, halirudi."

Kifua kilipona. Sikio la kulia lilikufa, la kushoto likabaki kidogo. Waliomcheka walirudi kununua, kila mmoja akijua kusimama kushoto, na hakuna aliyesema samahani.

Nyumba zile za udongo hazipo tena. Bibi hayupo, na sokoni hakuna anayeshika kichwa kwa ajili ya bei yangu. Nilikula samaki wa bei ya kutupa siku nne kabla ya kusema. Sindano nne zaidi. Nimezihesabu mara mbili, hazipungui.