Sauti ya simu iliniambia nyumba haina mtu, nikaingia

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji wa jukwaa hili zaidi kuliko mwandishi, lakini hili nimelibeba tangu mwaka jana na bado linanisumbua. Nitalisimulia lilivyotokea, hata pale ninapoonekana mjinga. Majina ya watu nimeyabadilisha na jina la mji sitalitaja, mtaelewa kwa nini. Jueni tu ni mji mdogo wa wavuvi, kisiwa cha Pate, huko Lamu.

Mimi ni mtu wa Nakuru, kazi za kompyuta. Wakati huo kampuni ilikuwa imepunguza watu na mimi nikiwemo. Dada yangu ni muuguzi Lamu, akaniambia njoo upumzike wiki mbili.

Kupumzika kulinishinda.

Siku ya kwanza nilizunguka mji mara tatu. Siku ya pili nikazunguka tena, mpaka wazee wa barazani wakaanza kuulizana nimepoteza nini. Nikikaa dakika tano mguu unatikisika wenyewe. Nikiwa chooni naangalia simu. Hakuna nilichokuwa nangoja, mkono tu umezoea.

Dada akachoka kunitazama. Akaniambia kuna matembezi fulani ya kusikiliza, ya mji mmoja wa wavuvi kule Pate. Unadownload sauti, unavaa earphone, ukifika gatini unabonyeza, basi inakuongoza: pinda kushoto, simama, tazama juu. Hakuna guide wala kuongea na mtu.

Nikasema hiyo ndiyo yangu.

Kesho yake asubuhi nikapanda boti. Kwa wasiojua, boti za kule zinasubiri maji yajae ndipo zipite kwenye mikoko, kwa hiyo saa ya kurudi unapangiwa na bahari. Nahodha alituambia saa tisa alasiri tuwe gatini, asiyekuwepo atalala huko.

Nikashuka, nikavaa earphone, nikabonyeza.

Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito na tamu, Kiswahili cha redioni. Nyuma yake udi unalia polepole.

"Karibu. Tembea taratibu. Mji huu hauna haraka."

Mimi nilikuwa nayo. Nikaweka speed moja na nusu.

Kituo cha kwanza kilikuwa pale pale gatini, wanaume wanapanga kamba mawe kwenye makasha ya barafu, wale wakubwa wenye ndevu ndefu. Sauti ikasema simama dakika moja uwatazame. Sikusimama. Cha pili msikiti, ikasema kaa kwenye kivuli usikilize. Nikaruka. Cha tatu, cha nne, naenda tu. Nilikuwa natembea zaidi kuliko kusikiliza, wakati mwingine sauti inaniambia pinda na mimi nimeshapinda zamani.

Kituo cha tano kulikuwa na mtu anashona nyavu nje ya nyumba yake. Akaniinulia mkono, nikaona mdomo unatembea. Nikamwinulia dole gumba nikapita. Akasimama kabisa, akasema tena. Nikadhani watu hawa wakarimu sana, nikamwinulia jingine.

Kituo cha sita ni kichochoro chembamba cha kuta za mawe ya matumbawe, na mwisho wake mlango wa mbao, mkubwa, wa zamani.

"Nyumba hii haina mtu tangu mwenyewe alipoihama," sauti ikasema. "Mlango haufungwi. Usukume, uingie, nikusimulie kisa chake."

Nikausukuma.

Ndani kulikuwa na ukumbi mfupi, halafu ua. Nikaona kamba ya nguo, na nguo juu yake bado zinachuruzika maji. Akili iliona, miguu ikaendelea. Nikatokea uani, na pale alikuwapo mwanamke wa makamo ameinamia beseni, nywele zote mbele, anaziosha, kanga moja mwilini.

Aliinua kichwa tukatazamana.

Ukelele aliopiga nausikia mpaka leo. Nikageuka nikimbie, bega likagonga ukuta, waya wa earphone ukachomoka, simu ikaanguka chini. Na ile sauti ikatokea kwenye spika, nyumba nzima, kwa speed moja na nusu:

"Mvuvi huyu aliitwa Shee. Asubuhi moja aliwaaga mkewe na watoto kwamba anakwenda kuvua. Hakwenda kuvua. Alivuka mpaka Arabuni, akaoa mke mwingine, akaanza maisha mapya..."

Yule mwanamke akanyamaza ghafla.

Niliokota simu nikatoka mbio. Sikufika mbali. Mwanamume mmoja, mrefu, mikono ya mvuvi, alikuwa ameshasikia ukelele. Alinidaka kola kichochoroni akanibandika ukutani.

"Wafanya nini nyumbani kwetu? Muna wanawake humo!"

"Nimeelekezwa na simu," nikasema.

Wakuu, jaribuni kusema sentensi hiyo mkiwa mmeshikwa kola, muone inavyosikika.

Watu wakajaa. Yule mshona nyavu naye akaja, anahema. "Nimemwambia mara mbili kwamba ile nyumba ina watu! Yeye aninyoshea kidole tu!"

Mmoja akasema nipelekwe kwa chifu. Mwingine akasema chifu wa nini, amalizwe hapa hapa.

Ndipo yule mwanamke akatokea mlangoni, sasa amevaa buibui, maji bado yanamtiririka shingoni. Tumwite Bi Rukia. Aliyenishika ni ndugu yake, Athmani.

"Mwate, Athmani," akasema. Mwache, yaani. Lugha yao, ambayo mara nyingi ina 'y' penye 'j' yetu, nitaiandika nilivyoisikia, panapoharibika ni masikio yangu ya bara. "Mwate kwanza. Simu yake imetaja jina la baba. Nataka kusikia yote."

Kola ikalegea, lakini mkono haukutoka.

Nikakalishwa barazani. Bi Rukia akaingia ndani akamtoa mama yao, Bi Mwanaesha, mwanamke mzee sana, anatembea kwa kushika ukuta. Akakaa, akatengeneza mtandio wake, akasema, "Haya. Iwashe."

Nilirudisha speed ya kawaida. Hilo ndilo jambo la heshima pekee nililofanya siku hiyo.

Tukasikiliza. Mimi nilitamani nisiwepo. Sauti ile tamu, udi wake nyuma, inamwambia mwanamke mzee kuwa mumewe alimtoroka akaoa kwingine, na yeye ametulia, mikono magotini. Mguu wangu ulikuwa unatikisika hadi nikaubana kwa mkono.

Ilipokwisha, Bi Rukia ndiye aliyesema kwanza. "Kumbe ndiyo haya. Kila mara wanakuya watu na vitu masikioni, wanasimama nje wanatazama mwango wetu, huu mlango. Sisi tukidhani ni madalali wanaitaka nyumba. Tukawa hatulali kwa wasiwasi."

Bi Mwanaesha akanigeukia. "Huyu asemao, alikuya kuniuliza mimi?"

"Sijui, mama. Naona hakuja."

"Basi ni nani aliyemwambia?"

Mshona nyavu akatazama chini. Watu wawili watatu wakaanza kuondoka taratibu.

Nikahisi ule mkono uliokuwa bado kwenye kola yangu unaniachia.

"Ni mimi, mama," Athmani akasema.

Alisimama katikati ya kichochoro kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa. Akaeleza kwamba miaka kadhaa nyuma walikuja vijana kutoka bara na kipaza sauti, wakimuuliza kila mtu gatini habari za nyumba za zamani. Wakamuuliza na yeye.

"Kwamba nyumba haina mtu, hilo wametia wao. Lakini ya Arabuni niliyasema mimi."

"Ukamzulia babako?" Bi Rukia alipiga kelele. "Mama alikaa eda! Tukamsomea hitima hapa hapa!"

"Sikuzua. Ndivyo nilivyokuwa nikiamini." Alikuwa anamtazama mama yake tu. "Nilikuwa na miaka tisa. Mashua ilionekana kwenye fungu la mchanga, yeye hakuonekana. Nyinyi mkasema amekufa maji. Mimi nikaona, akiwa Arabuni basi yu hai. Na aliye hai aweza kurudi."

Huyu ni mtu wa miaka arobaini na kitu, karibu apate wajukuu, mikono imechanika kwa nyavu.

Bi Mwanaesha akamuuliza, "Miaka yote hii ulikuwa ukimngoja?"

"Ndiyo."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambiaje, mama? Ulishavua nguo za eda."

Yule mama akanyoosha mkono hewani, mpaka Athmani akaja akaushika.

"Mimi sikumuosha," akasema. "Sikumzika. Wafikiri kwa kuwa nilikaa eda, mimi sikumngoja?"

Athmani akachuchumaa pale chini, akaweka paji la uso kwenye magoti ya mama yake. Bi Rukia akageukia ukutani. Mimi nikatazama simu yangu, wakuu, kwa aibu tu, maana sikujua pa kuweka macho. Ilikuwa saa saba na nusu.

Nilitaka kuaga. Bi Rukia akanikatiza. "Simu yako yarekodi?"

Nikasema ndiyo.

"Basi hutoki mpaka isemwe kweli."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kweli yenyewe hawakukubaliana. Bi Rukia alitaka mama aseme baba alikufa baharini. Athmani akasema usiseme amekufa, hatukuona mwili. Wakabishana, sauti zikapanda. Mama akaanza kurekodi mara tatu, mara tatu akaniambia zima. Mimi moyo uko gatini, nahesabu dakika, na hakuna wa kumwambia nina boti.

Mwishowe Bi Mwanaesha akawaambia, "Nyamazeni nyote wawili. Nitasema tunayoyayua, basi."

Akasema. Haikuzidi nusu dakika.

Hakuna aliyenisamehe rasmi. Bi Rukia alinitolea kikombe cha chai ya tangawizi, nikainywa ya moto nikiwa nimesimama. Athmani akanipa namba yake, akaniambia, "Usipoifikisha nitakuya Nakuru." Hakucheka.

Nilikimbia. Boti ilikuwa imeshawasha mashine, nahodha alinivuta kwa mkono na maneno yake sitayaandika hapa.

Nilipofika kwa dada niliwaandikia waliotengeneza yale matembezi, nikawatumia na rekodi ya Bi Mwanaesha. Wakajibu baada ya wiki kwamba wanasikitika, ila kituo cha sita ndicho wageni wanachokipenda zaidi. Nilisoma jibu hilo nikiwa naosha vyombo, nikavunja glasi. Nikaandika tena, na tena. Nikarudi Nakuru, nikapata kazi nyingine, naandika. Athmani ananipigia: leo wamekuja wawili. Jana mmoja amepiga picha. Nikawa silali vizuri, kwa sababu safari hii nilijua ninachongoja.

Ilichukua karibu miezi miwili. Siku moja nikadownload upya, nikaruka moja kwa moja hadi kituo cha sita. Ile sauti tamu haipo, udi haupo. Unasikia kuku, mtu anakohoa, halafu Bi Mwanaesha:

"Mimi ni mke wa Shee. Alitoka asubuhi kwenda kuvua, hakurudi. Hatuyui zaidi ya hayo. Ndani muna watu. Pita kwa salama."

Athmani hajaniambia kama ameacha kungoja. Sijamuuliza, na sitamuuliza.

Nililojifunza mimi ni kwamba nyumba kimya si nyumba tupu, na kisa cha familia ya mtu hakiwi chako kwa kuwa unajua kukisimulia vizuri. Ndiyo maana hata huu uzi niliusoma wote kwa Athmani kwenye simu kabla sijauweka hapa. Aliniambia nifute sehemu mbili, nikazifuta.

Sasa nataka kusikia kwenu. Kuna aliyewahi kukuta habari za kwao zinasimuliwa na mgeni, tena kombo? Mlifanya nini? Watu wa Lamu mlio humu, nirekebisheni lugha. Na wa kunitukana kwa kuingia nyumba ya watu bila hodi, foleni ianzie nyuma ya dada yangu.