Siku Nilipoifungia Sauti ya Papa

Mkiniita mjinga leo sitabisha, maana kila nikikumbuka siku ile ya kuondoa matanga ya Papa, baba yangu, hasira inanipanda kichwani, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe (sawa, na Papa Mudogo kidogo).

Papa Mudogo ni mdogo wake Papa, anaishi Kabalo, na walikuwa hawasemezani miaka mingi. Papa alipoona ugonjwa umemzidi akanirekodia sauti ya kumsamehe, isikilizwe siku ya matanga, nami nikaiweka kwenye diski yake kuukuu, iliyofungwa kwa ufunguo wa siri.

Sasa kazi yangu mimi ni kurekebisha kernel, kile kiini kinachoendesha kompyuta nzima, na siku hizo nilikuwa napunguza msimbo wa kufunga na kufungua diski kwa siri: njia zilikuwa mbili, ya zamani na mpya, nikasema ya zamani nani bado anaitumia, nikaifuta, msimbo ukawa mfupi, msafi, nikajiona bingwa! Nikaujaribu kwa diski yangu peke yake, ikafunguka. Asubuhi ya matanga nikaweka kernel yangu mpya kwenye kompyuta, na kwa kuwa nafasi ilijaa (video za arusi za binamu zangu!) nikaifuta ile iliyokuwamo.

Basi watu wakatulia, spika zinanguruma, Mama amemshika mkono shemeji yake, Papa Mudogo, tuliyemtoa Kabalo aje aisikie. Nikaandika neno la siri. Diski ikakataa. Nikarudia, jasho linanitoka, watu wanakohoa, ndipo nikakumbuka: diski ya Papa ilifungwa kwa njia ya zamani! Nikataka kuvuta kernel nyingine kwenye mtandao, lakini mtandao wetu wa Kalemie, siku ukiuhitaji njo unalala.

"Sauti ya yaya iko wapi?" akauliza Papa Mudogo (yaya kwetu ni kaka mkubwa).

"Iko humu, Papa Mudogo. Inakatala kufunguka."

"Munanitosha Kabalo juu ya kuona masini? Mulitunga bongo tu, uongo mutupu!"

Mama akanitazama tu. Afadhali angenipiga.

Papa Mudogo akapanda treni, akaenda zake. Sasa hivi sigusi mstari wa msimbo kabla ya kuuliza nani bado anauhitaji, na atakayenisifia msimbo mfupi tutagombana.

Ile mistari niliirudisha, na sauti ikatoka safi kabisa: "Mudogo wangu, tuyaache." Mama akalia sana. Nikamtumia Papa Mudogo kwenye simu.

Mpaka leo hajaifungua.