Nililala porini peke yangu Kibua, bashi yangu ikakimbiza kijiji

Wakuu wa jukwaa, salamu kutoka Mweso.

Mimi ni msomaji tu humu, siyo muandikaji. Lakini nilisoma uzi wa mwenzetu mumoja kuhusu camping, na picha zake za tenti, nikaona niwaeleze ya kwangu. Sitaongeza chumvi. Mahali nimesahau nitaruka.

Kiswahili chetu cha Kivu kikiponyoka, mnivumilie.

Mimi ni mwanamke, nina watoto, kazi yangu ni kushona nguo. Huku wananiita Mama Gloria.

Sababu ya safari ilikuwa moja: sijawahi kulala peke yangu. Utotoni tulilala na dada zangu kwenye mkeka mmoja. Vita ilipotufukuza tulilala katika darasa la shule, familia nyingi, mguu wa mtu usiyemjua uko mgongoni mwako. Halafu ndoa. Halafu watoto.

Sikuwa na huzuni. Nilitaka tu kujua iko namna gani.

Nilipomwambia mume wangu, akaweka chini sahani yake.

"Nimekukosea wapi?"

"Haujanikosea. Nataka kulala peke yangu siku moja."

"Mu chumba cha wageni?"

Hatuna chumba cha wageni. Tukacheka wote wawili, na baadaye akakubali, lakini kwa sharti kwamba niende kwa dada yangu mkubwa, Esperansi, aliyeolewa Kibua, huko Walikale. Kule shamba lao linagusana na msitu, na shemeji yangu ni muwindaji. Nikiita, mtu atasikia.

Tenti nilishona mwenyewe. Nilinunua bashi nyeupe sokoni, lile turubai gumu wanalogawiaga wakimbizi, nikaikata, nikashona kwa uzi mara mbili. Mashine ililalamika lakini ikamaliza. Nilijiona fundi kweli.

Kumbukeni hiyo rangi nyeupe.

Nilienda wakati kulikuwa kimya kidogo, bila mapigano. Pikipiki mpaka barabara ilipokuwa matope, halafu mguu, halafu pikipiki ya mtu mwingine. Kwenye bariere, kile kizuizi cha barabarani, walifungua mfuko wangu, wakaona bashi, sufuria na blanketi, wakanifungulia bila neno. Mwanamke mwenye bashi hakuna anayemuuliza anakwenda wapi.

Nilipofika Kibua, Esperansi alinipeleka kwanza kwa shefu wa kijiji. Nikaomba kulala juu shambani.

"Sawa," akasema. "Nyani wanamaliza mahindi, ulinde vizuri."

Alifikiri nakwenda kulinda mazao. Sikumsahihisha, maana ruhusa nilikuwa nimepata. Kosa la kwanza hilo, wakuu.

Mchana nikapanda peke yangu. Mahali pazuri sana: mahindi chini, msitu juu, kijito pembeni. Nikasimamisha tenti. Ilisimama mara ya kwanza tu, imenyooka, nyeupe pee. Nikapiga foto, rezo (mtandao) hakuna, nikaweka simu mfukoni. Nikawasha moto mdogo, nikaweka maji ya chai.

Mama mmoja akatokea msituni na mzigo wa kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Baadaye nilijua anaitwa Mama Riziki, jirani ya dada yangu. Aliona tenti, akasimama.

"Jambo mama," nikamwambia.

Alitupa kuni palepale, akashuka mbio.

Nilifikiri ameona nyoka. Nikatazama majanini, hakuna kitu, nikarudi kwa chai yangu.

Chai haijachemka nikasikia kijiji. Kwanza mbuzi. Halafu sufuria zinagongana. Halafu majina ya watoto yanaitwa moja moja, kwa sauti ile ya haraka.

Wakuu, mtu aliyekulia huku kwetu sauti hiyo haulizi. Hiyo ni sauti ya watu wanafunga mizigo.

Nikasema vita imefika. Nikaacha tenti, blanketi, kila kitu. Nikabaki na simu tu, nikashuka kumtafuta dada yangu. Niliwaza Gloria, kwamba sikumuaga vizuri.

Katikati ya mahindi nikakutana na watu. Godoro kichwani, mtoto mgongoni, kuku mkononi. Shemeji yangu alikuwa amembeba mama yake, koko, bibi kizee ambaye miguu yake haitembei tena.

"Banatoka upande gani?" nikamuuliza.

"Upande wa juu! Bakimbizi bamekwisha kutega bashi kule juu, vita iko nyuma yabo. Riziki ameona na macho yake."

Nikasimama.

"Bashi ngapi?"

"Muntu anahesabu bashi?"

"Shemeji, ile bashi ni yangu."

Alinitazama kama ninaongea Kichina. Koko mgongoni mwake njo (ndiye) alielewa wa kwanza. Akampiga begani. "Nishushe," akasema. "Nishushe, mujinga yule ni wa kwetu."

Nikaanza kupiga kelele. Ni mimi, bashi ni yangu, hakuna vita. Watu hawakuamini.

"Na wenzako bako wapi?"

"Sina wenzangu. Niko peke yangu."

"Hakuna muntu analala mu bashi peke yake," mama mmoja akajibu, akaendelea kutembea.

Na alikuwa na haki. Huku kwetu bashi haijawahi kuwa ya mtu mmoja. Hata neno kambi lina maana moja tu, na siyo ya kupumzika.

Baadhi walikuwa wamekwisha kuvuka kijito. Vijana wawili waliwafuata kuwarudisha, nami nikabaki nahesabu vichwa bila kujua jumla yake. Mpaka giza linaanza, wote walikuwa wamerudi. Hakuna aliyeumia. Baba mmoja alipoteza bata. Nimewaza mara nyingi ingekuwaje kama koko angeanguka kwenye mteremko ule.

Wakatukusanya uwanjani mwa kanisa. Mama Riziki alikuwepo, bado anahema. Hakunitazama.

Shefu akaniita mbele. Hakupandisha sauti.

"Mama, nani alikufukuza kwako?"

"Hakuna, Papa Shefu."

"Bwana anakupiga?"

"Hapana."

"Unatafuta mawe?" Maana kwetu mgeni porini, watu wanafikiri madini tu.

"Hapana. Sijawahi kulala peke yangu tangu nizaliwe. Nilitaka kujaribu."

Nilingoja matusi. Mwanaume mmoja nyuma akasema huyo ni mgonjwa wa kichwa, apelekwe hospitali. Halafu upande wa wanawake mtu akacheka, siyo kicheko cha kudharau. Mwingine akasema polepole, "Hata miye, sijawahi." Mwingine akasema yeye siku ya kuzaa tu, na hata siku hiyo mkunga alikuwepo.

Shefu akajikuna shingo.

"Bashi itashuka leo," akasema. "Itabaki kwangu mpaka siku ya kwenda kwako. Ukitaka kulala mu pori, lala kama bawindaji banalalaga. Majani haiogopeshe muntu."

Hiyo ilikuwa hukumu yote.

Nilitaka kuacha, kusema kweli. Aibu ilikuwa imenijaa. Esperansi njo alinisukuma. "Umekimbiza kijiji kizima, halafu unakuja kulala kwangu?"

Basi shemeji akapanda nami na tochi. Akakata vijiti, akavipinda, akafunika kwa majani mapana ya mangongo, yale tunayofungia chikwangue, ule mkate wa muhogo. Kibanda kidogo, mtu anaingia akiwa ameinama. Alivyomaliza akasema ukisikia kitu usitoke, akaondoka.

Usiku wenyewe hauna mengi. Mvua ndogo ilinyesha, majani hayakuvuja. Kulikuwa na baridi. Kitu kilitembea karibu na kijito, kikaenda zake. Niliogopa, halafu nikachoka kuogopa.

Wakati fulani nikanyoosha mikono yote miwili pembeni. Haikugusa mtu. Nikaiacha hivyo mpaka nikapata usingizi.

Sikulia. Sikuona maono. Nililala tu.

Asubuhi Mama Riziki alikuja kuchukua kuni zake. Akasimama mbali kidogo.

"Ulilala?"

"Nililala. Mama, unisamehe kwa jana."

"Jana imeisha." Akafunga kamba, akafungua, akafunga tena. "Njo ilikuwa namna gani?"

Nikamweleza. Baridi, mvua, mikono. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Enda kule mutoni," akaniambia. "Usirudi kwanza."

Nikachukua sufuria, nikaenda kijitoni. Niliiosha kwa mchanga, nikaisuuza, nikaiosha tena. Jua lilikuwa limepanda juu ya mahindi niliporudi.

Kuni zilikuwa palepale. Miguu ya Mama Riziki ilionekana mlangoni mwa kibanda, nyayo zina matope, na alikuwa anakoroma. Nikakaa mbali, chini ya njia, na kila aliyepita nilimwambia kwa ishara asiongee.

Njo hivyo, wakuu.

Nilichojifunza: ukienda camping sehemu ambayo watu wamekimbia sana, ruhusa ya shefu haitoshi. Waambie majirani wote, na waambie sababu ya kweli hata kama inakuletea aibu. Bashi nyeupe achana nayo. Blanketi moja ni kidogo.

Nakaribisha maoni na matusi pia, nimekwisha kuzoea. Ila ningependa zaidi kusikia kina mama na kina dada humu: wewe umewahi kulala peke yako? Ilikuwa wapi?